Pipa Si Mto: Wacheni Kufuga Chatu kwa Ajili ya Laiki

Wasee, kuna video moja mnanitumia kila wiki. Kijana ako na chatu kwa beseni ya kuogea, muziki unapiga, na juu ameandika ati "mtoto wangu anapenda maji". Komenti zote ni mioyo na moto. Halafu chini kabisa mnanitag: "Si wewe pia ulikuwa na wako? Alienda wapi?"

Nimenyamaza karibu mwaka mzima. Leo nitajibu, na nikimaliza, wale watakaotaka kuniacha kufuata, mlango uko wazi.

Jibu fupi ni hili: sikufaa kuwa naye. Na huyo kijana wa beseni pia hafai kuwa na wake. Jibu refu ndilo hili linafuata.

Mnakumbuka mafuriko ya 2024? Mwezi wa tano binamu yangu wa Ahero alinipigia akisema wamepata chatu mdogo kwa mfereji wa mpunga, urefu wa mita moja na kitu. Wazee walikuwa wameshachukua majembe. Yeye akamweka kwa gunia, na badala ya kumrudisha kwa maji mbali kidogo na watu, akanipigia mimi kwa sababu anajua napenda nyoka tangu tukiwa wadogo. "Leta thao mbili, niko naye." Nikatuma pesa kwa simu kabla hajamaliza kuongea. Chatu akafika Nairobi chini ya kiti cha basi, kwa gunia, bila dereva kujua.

Nikajiambia nimemuokoa. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya kila mtu anayefuga nyoka bila kibali. Mimi niliamini kabisa, na ndio maana nataka tuichambue.

Kama shida ilikuwa majembe, suluhisho lilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, ama simu moja kwa watu wa wanyamapori. Mimi nilimtoa kilomita zaidi ya 300, nikamleta bedsita ya Pipeline ghorofa ya nne. Uokoaji gani huo? Na hiyo thao mbili ilifanya kazi nyingine ambayo sikuipangia. Kabla yangu, nyoka kwa ule mfereji alikuwa hofu. Baada yangu akawa bei. Binamu alinipigia mara tatu tena mwaka huo huo: "Kuna mwingine, huyu ni mkubwa kidogo." Nilikuwa nimefungua soko na nilidhani nimefungua moyo.

Sasa tuingie kwa maji, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mnadanganywa na video.

Ni kweli chatu wetu wa Afrika ni mtu wa maji. Utampata kando ya mito, kwa mabwawa, kwa vinamasi. Anaogelea vizuri na anaweza kujificha majini akibakisha pua na macho tu, akingoja mnyama aje kunywa. Mimi nilisoma hayo nikafikia uamuzi ule ule mnafikia nyinyi: basi nimpe maji. Nikanunua pipa la plastiki, nikalikata kati, nikajaza maji, nikamweka ndani. Akaingia akatulia. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Hatoki. Nikaweka simu kwa kikombe nikarekodi. Hiyo ndiyo video iliyonipa jina. Watazamaji laki nne. Watu wakasema "ona vile ametulia", "anajua ako nyumbani", "manze hata mimi nataka".

Kati ya komenti zote hizo, moja tu ilikuwa na akili. Mtu aliandika: "Angalia chini ya maji. Kuna nini?"

Nikaangalia. Vitu vidogo vyeusi kama pilipili manga ya kusagwa. Nikamtoa nikamwangalia karibu, kwa kingo za macho, chini ya kidevu, kati ya magamba. Utitiri. Amejaa utitiri wanaofyonza damu, na kitu nyoka hufanya akishambuliwa na utitiri ni kujilaza majini ili wafe maji. Nyoka akilowa bila kutoka, mara nyingi anakuambia kitu: nina utitiri, ama nasikia joto kupita kiasi, ama nashindwa kujivua ngozi. Hakuwa ametulia. Alikuwa anajitibu, kwa njia pekee iliyobaki kwa pipa.

Nataka mkae na hiyo kidogo. Video iliyofanya watu laki nne waseme "anapenda maji" ilikuwa video ya mgonjwa. Na mimi, mtaalamu wenu wa nyoka, niliiwekea muziki.

Na maji yenyewe yakaanza kumla. Kwa mto chatu anaingia na kutoka. Anapanda jiwe, anaota jua, tumbo linakauka, anahama. Kwa pipa hakuna kutoka. Nyoka anajisaidia humo humo, maji yanachafuka, ngozi haikauki, na baada ya wiki chache nikaona malengelenge tumboni, halafu magamba yakabadilika rangi na kuanza kuoza. Kupenda maji si kuishi ndani ya maji. Wewe unapenda chai, sivyo? Haya, hebu lala ndani ya chai usiku kucha tuone asubuhi.

Mtu atasema, si ungebadilisha maji kila siku? Nilibadilisha. Na hapo kuna aibu nyingine. Wale wanaoishi Pipeline wanajua hesabu ya maji. Mfereji ukikauka, mtungi unapandishwa ngazi kwa mgongo na unalipiwa. Mimi nilikuwa namwaga mitungi mitatu ya maji ya nyoka, najaza mingine mitatu, huku jirani yangu, mama wa watoto watatu, akipanga foleni chini na mtungi mmoja. Siku moja akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe unaishi peke yako, mbona unatumia maji hivyo?" Nikamdanganya ati nafua. Mama huyo ana mtoto wa miaka miwili ambaye alikuwa anacheza kwa korido ile nilikuwa napitia na maji machafu. Nyoka na watambaazi wengine hubeba bakteria wa salmonela hata wakionekana wazima, na ushauri wa wataalamu ni kwamba nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano haifai kuwa na mtambaazi. Mimi sikuwa na mtoto. Lakini ploti ilikuwa nao wengi, na hakuna mzazi hata mmoja niliyemuuliza.

Halafu ikaja Julai.

Nyoka hana jiko ndani ya mwili kama sisi. Joto lake linatoka nje. Chatu anahitaji upande mmoja wenye joto la nyuzi 31 hadi 33 hivi na upande mwingine wenye nafuu, ili achague mwenyewe, na anahitaji hivyo mchana na usiku. Nairobi mwezi wa saba usiku inaweza kushuka hadi nyuzi 10 ama 12. Nilikuwa na hita ndogo, lakini hita inakula tokeni, na tokeni zikiisha saa tano usiku nawe huna pesa kwa simu, chatu wako atalala kwa baridi akiwa amelowa. Mara mbili tu, na nikaanza kumsikia akipumua kwa sauti, mdomo wazi kidogo, mapovu puani. Mapafu.

Nikatafuta daktari wa mifugo. Wa kwanza hakushika simu tena baada ya kusikia neno nyoka. Wa pili aliniambia ukweli: "Mimi najua ng'ombe, mbwa na kuku. Nikimchoma huyu sindano nitakuwa nabahatisha." Simlaumu, alikuwa mkweli kuniliko. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Kibali uko nacho?"

Sikuwa nacho. Hata sikujua kinaitwaje. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haisemi ati chatu mdogo ni sawa ukimpenda. Kumiliki mnyamapori hai bila kibali ni kosa, hata kama ulimwokota kwa mfereji, hata kama unampa jina zuri. Kuna watu wanaofuga nyoka kwa leseni hapa Kenya, wanakaguliwa, wana vifaa, wana ujuzi. Mimi nilikuwa na pipa.

Usiku huo nikampigia dani, nyanya yangu wa Nyakach. Nilitaka tu kusikia sauti yake, sikutaka kumwambia. Lakini dani ukinyamaza sekunde mbili anajua. Nikamwambia kila kitu. Akakaa kimya, halafu akasema, "Nyakwara, kwa hivyo nyinyi hamkujifunza kitu kwa Omieri?"

Wale hawajui, Omieri ni chatu wa Nyakach. Kwetu chatu mkubwa akitokea, wazee husema ameleta mvua na mavuno, na hakuna anayemgusa. Mwaka wa 1987 aliungua kwa moto wa nyasi. Akapelekwa Nairobi kutibiwa, kwa nia nzuri kabisa, na akafia huko. Mwaka wa 2003 chatu mwingine mkubwa akatokea Nyakach, akalalia mayai, na watu wakamiminika kumuona huku wakimwita kwa jina lile lile. Dani alikuwa mmoja wao. Alitembea, akasimama mbali, akaangalia, akarudi nyumbani. Hakumshika. Hakumbeba. Hadi leo anasimulia.

"Mgeni ukimfungia mlango si mgeni tena," akaniambia. "Ni mfungwa."

Sikulala. Asubuhi nikapiga simu KWS. Nilidhani watakuja na pingu, na kusema kweli wangekuwa na haki. Walikuja watu wawili, wakaniuliza maswali mengi, wakaniandika, wakanionya kwa maneno ambayo sitayasahau. Mmoja alimshika yule chatu kwa utulivu ambao mimi kwa miezi yote ile sikuwahi kuwa nao, akamgeuza tumbo, akatingisha kichwa. Nikauliza kama watamrudisha Ahero. Akasema si rahisi hivyo: mgonjwa hawezi kuachiliwa tu, atapeleka utitiri na maradhi kwa wenzake. Kwanza atibiwe, halafu waone. Sijui kama alipona. Hiyo ndiyo sababu sikuwajibu mwaka mzima mkiniuliza alienda wapi.

Sasa najua mko tayari na majibu, kwa sababu ni yale yale niliyokuwa natoa mimi. Twende moja baada ya lingine.

"Wazungu wanafuga na hakuna shida." Shida iko, na kubwa. Nchini Marekani, jimbo la Florida, watu walifuga chatu wa Burma, wakakua, wakawashinda, wakaachiliwa ama wakatoroka, wakaingia kwa kinamasi cha Everglades ambacho ni maji na nyasi, yaani kwao ni mbinguni. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba sehemu ambazo chatu hao wamekaa muda mrefu, idadi ya rakuni walioonekana ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka huo huo wa 2012 serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuingizwa kwa chatu wa Burma na wengine kadhaa, na mmoja wao ni huyu wetu wa Afrika. Mwaka uliofuata, 2013, huko Campbellton nchini Kanada, chatu wa aina hii hii ya kwetu alitoroka kutoka chumba kilichokuwa juu ya duka la wanyama, na ndugu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine sita, wakafa usingizini. Sisemi hivyo kuwatisha. Visa kama hicho ni nadra sana. Nasema hivyo kwa sababu "Wazungu wanafuga" si ushahidi kwamba kitu ni salama. Hao Wazungu wenyewe wanaweka sheria.

"Wangu amenizoea, hawezi kunidhuru." Mbwa ameishi na binadamu maelfu ya miaka hadi akajifunza kusoma uso wako. Chatu hakuwahi kutia sahihi mkataba huo. Anaweza kuvumilia mkono wako, na kuvumilia si kupenda. Na usisahau anakua. Huyu wa mita moja, akila vizuri, kwa miaka michache ni mita tatu na zaidi, na wakubwa wanafika mita tano. Anaweza kuishi miaka zaidi ya 20. Wewe mkataba wako wa nyumba ni wa mwezi kwa mwezi. Ukifukuzwa na landilodi, utahama naye na godoro?

"Afadhali nimfuge kuliko wauawe kijijini." Hii ndiyo inaniuma, kwa sababu nusu yake ni kweli. Tunaua nyoka ovyo. Chatu hana sumu, anakula panya wanaomaliza mpunga wa huyo huyo mkulima mwenye jembe, na bado tunamponda kichwa na kupiga picha. Lakini ukimtoa mfereji na kumleta Nairobi, mfereji umepoteza chatu vile vile. Jembe na pipa, kwa mto, hesabu ni moja. Kama unataka kumuokoa, rudi ukaongee na mwenye jembe. Hiyo kazi ni ngumu na haina laiki, ndio maana hatuifanyi.

"Mimi naelimisha." Buda, unaelimisha nini? Mtoto wa darasa la sita akiona chatu kwa beseni yako, somo analobeba ni kwamba chatu anafaa kukaa kwa beseni. Kama ni elimu, iko. Nenda Snake Park pale Makumbusho ya Nairobi. Ukienda Pwani, pita Watamu, shamba la nyoka la Bio-Ken liko hapo tangu 1980, na wao wanashughulika hadi na watu walioumwa na nyoka. Simama mbele ya kioo, uliza maswali, rekodi video yako. Utatoka na kontenti ya kweli na hakuna mtu atakuwa na utitiri.

"Ni nyoka mmoja tu, serikali ihangaike na pembe za ndovu." Mnakumbuka kesi ya sisimizi? Mwaka wa 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na malkia wa sisimizi karibu 5,000 kwa vichupa. Sisimizi! Tulicheka kwa mtandao siku tatu. Korti haikucheka: faini ya milioni moja ama mwaka mmoja jela. Na hao sisimizi walikuwa wanaenda kwa nani? Kwa watu wanaofuga sisimizi nyumbani kwa raha yao. Chatu naye, biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa sababu kila anayenunua husema "mmoja tu". Wakikusanyika wa mmoja tu, mto unabaki na maji pekee.

Kwa hivyo naomba nini? Vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinahitaji pesa.

Moja, wacha kulaiki na kusambaza hizo video. Hata ile ya kukasirika, ukiisambaza umeilipa.

Mbili, ukiona nyoka anauzwa, usinunue "kumuokoa". Pesa yako ndiyo inamtuma muuzaji arudi kwa mto kesho.

Tatu, ukiwa naye tayari, na najua mko hapa mnasoma mkitoka jasho, usimmwage kwa mto wa karibu usiku. Si lazima hapo pawe kwao, na pengine ni mgonjwa. Piga simu KWS, umkabidhi, useme ukweli. Utaaibika. Mimi niliaibika. Aibu hupona.

Nne, chatu akitokea nyumbani, toa watoto na kuku, mpe nafasi, ita watu wanaojua. Wacha jembe.

Ile video ya laki nne nimeifuta jana. Najua ndiyo iliwaleta wengi wenu hapa, na najua nikifungua akaunti leo jioni namba itakuwa imeshuka. Jirani yangu naye nilimwambia ukweli kuhusu maji. Hakuniongelesha wiki mbili, halafu siku moja mfereji ulipokauka akagonga mlango akaniuliza kama bado niko na lile pipa.

Nikampa. Sasa linashika maji ya mvua. Liko na kazi hatimaye.